Mkindu wa Tano

Jumatatu, 20 Mei 1957

Naahidi kuandika yote. Yanayonipendeza na yanayoniaibisha. Mwalimu Rebeka ametuambia leo kwamba kitabu cha mkulima kinachoficha jambo ni kibaya kuliko kukosa kitabu. Alikuwa akisema juu ya kitabu cha shamba. Nimeona hata changu hiki kifuate sheria hiyo. Ni kurasa za nyuma za daftari la hesabu la mwaka jana.

Nimemwagilia asubuhi kama kawaida. Kopo moja kwa kila debe. Madebe ni tisa, yamepangwa nyuma ya darasa, mahali ambapo upepo wa mlima Menengai haufiki. Kila debe lina mche mmoja wa mkindu, urefu wa kiganja. Mwalimu aliitoa kwao Baringo, kando ya kijito, akaisafirisha ndani ya gunia bichi kama mtu aliyebeba samaki.

Kuanzia wa kwanza mpaka wa tatu hupewa maji tu. Wa nne, wa tano na wa sita ni yangu. Hiyo inakula samadi ya ng'ombe iliyooza. Wa saba mpaka wa tisa ni ya Rasoa, nayo inakula mbolea ya mfuko, ile nyeupe ambayo wazungu humwagia mahindi yao. Kijiko kimoja cha chai kwa mwezi, si zaidi. Kila Ijumaa tunapima kwa rula na kuhesabu majani.

Wavulana wana mahindi na viazi. Sisi tumepewa mti usioliwa. Mwalimu Mkuu amesema wazi mbele ya darasa. Novemba Bwana Shamba atakuja kukagua. Akiona kazi yetu ina maana, wasichana wataendelea na somo la kilimo mwaka ujao. Akiona haina, Alhamisi yetu yote itakuwa sindano na uzi.

Sichukii sindano. Lakini napenda jembe zaidi. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni

Wa nne, inchi tano na nusu. Wa tano, inchi tano. Wa sita, sawa na wa tano. Majani matatu kila mmoja. Ya Rasoa ni hivyohivyo. Rasoa alitaka kuandika inchi sita kwenye wa nane "kwa sababu itafika kesho." Mwalimu akamwambia basi aandike kesho.

Rasoa ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Baba yake anafanya kazi ya reli. Rasoa mwenyewe huanza kucheka kabla ya kumaliza anachosema, hata husikii mwisho wake.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada Mchungaji ameuliza habari za mikindu. Miaka yote Jumapili ya Matawi sisi hubeba matawi ya mtarakwa, na watoto huchomwa shingoni na yale majani. Amesema angependa kuona mkindu wa kweli kanisani kabla hajastaafu. Mama amenitazama kwa fahari. Nimeona haya, lakini nimefurahi.

Kogo, mama wa Baba, haelewi kwa nini mti unapimwa. Anasema mtoto akipimwa kila wiki hakui. Ila ndiye anayenipa samadi. Anaingia zizi la ndama, anafukua mpaka chini kabisa, anatoa ile nyeusi isiyonuka, anaipepeta kwa mikono yake kama mtu anayechagua maharagwe. Kila jioni nikirudi huuliza swali lile lile. "Ndama wako wamekunywa?" Ndama wangu ni mikindu mitatu. Nami hujibu, wamekunywa, Kogo. Ndipo ananipa maziwa.

Ijumaa, 12 Julai

Mikindu ya Rasoa imenipita. Wa saba una inchi saba na robo. Wa nane unakaribia nane. Imekuwa ya kijani kibichi sana, hata Mwalimu Mkuu alisimama. Yangu imeongeza nusu inchi.

"Tabitha, yako inakula kiporo," Rasoa amesema. "Yangu iko harusini."

Wote walicheka. Nami nilicheka. Nikiwa njiani peke yangu niliacha kucheka. Nina wivu. Nimeandika.

Mwalimu anasema samadi haina haraka, inatengeneza udongo kwanza, halafu udongo ndio unaolisha mti. Najua ni kweli. Lakini Novemba haitangoja udongo.

Jumamosi, 10 Agosti

Likizo. Kogo aliondoka alfajiri bila kuaga mtu. Mama alidhani amekwenda kwa shangazi. Amerudi saa kumi alasiri, vumbi mpaka kiunoni, magoti yamevimba. Alikuwa ziwani. Alikwenda kukwangua magadi ya ng'ombe pale ufukweni, pale maji yanapokauka na kuacha ukoko mweupe. Siku hizi Baba hununua magadi dukani. Kogo anasema ya dukani hayana nguvu.

Ndama wa zizini wamepewa. Kisha akafungua pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Konzi moja tu, imefungwa peke yake.

"Haya ni ya wale wako wa shuleni," akasema. "Ng'ombe asiyelamba hanenepi. Mti ni nani asilambe?"

Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilimkanda magoti kwa mafuta ya ng'ombe. Alilala akiwa ameshika mkono wangu. Magadi nimeyaweka kwenye sanduku langu chini ya gauni la Jumapili. Sitayatumia. Wala sitayatupa. Ametembea njia yote ile.

Ijumaa, 6 Septemba

Shule imefunguliwa. Wa nane, inchi kumi. Wa sita, wangu mrefu kuliko wote, inchi saba. Mwalimu Mkuu amepita akasema mfuko umeshinda, hakuna haja ya kungoja Novemba. Mwalimu Rebeka alijibu kwa heshima kwamba mbio ndefu haziamuliwi kwenye kona ya kwanza. Mwalimu Mkuu alipoondoka nikamwona Mwalimu Rebeka anauma mdomo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefanya jambo.

Nilifikiri hivi. Mbolea ya mfuko ni nyeupe, inang'aa kama chumvi. Watu wote huiita mbolea ya chumvichumvi. Magadi pia ni meupe, pia ni chumvi. Kwa hiyo magadi ni mfuko wa watu wasio na mfuko. Ng'ombe wetu hunenepa kwayo. Maharagwe ya Mama huiva upesi kwayo. Sikuona kosa lolote.

Nilifika shule kabla ya kengele. Vijiko viwili kwenye wa nne, viwili kwenye wa tano. Nikachanganya na samadi kwa kidole, nikamwagilia. Konzi ya Kogo ikaishia hapo. Wa sita haukupata.

Sikumwambia mtu. Kama lilikuwa jambo jema, mbona sikumwambia mtu?

Ijumaa, 20 Septemba

Wa nne umeungua ncha. Wa tano pia. Rangi ya kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitishwa juu ya taa. Wa sita haujambo.

Nimepima kwa haraka. Nimeandika inchi tu.

Jumatano, 2 Oktoba

Leo Mwalimu amepiga magoti kwenye udongo na kuiangalia kwa muda mrefu. Amevunja jani moja la wa nne, likalia kama kijiti.

"Samadi ilikuwa ileile kwa yote mitatu?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Ni kweli, samadi ilikuwa ileile. Sijawahi kusema ukweli ulio mwongo kama huo.

Akatoa kalamu nyekundu, akaandika kwenye kitabu cha shamba: Samadi imechoma. Chini yake akaandika kwamba siku ya wazazi atawaonya akina mama wasitie samadi kwenye miche yao. Aliandika polepole. Yeye ndiye aliyesema samadi ingeshinda.

Akina mama wetu hawana kitu kingine. Katika nyumba zote za wafanyakazi pale kwenye shamba la mzungu tunakoishi hakuna anayenunua mfuko. Wakiambiwa samadi inachoma, wataacha samadi, na watabaki na mikono mitupu. Kwa sababu yangu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sikula mchana. Sikula jioni. Kogo ameniuliza kama ndama wamelamba. Nimesema wamelamba.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimesema.

Nilingoja wengine watoke. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema nilitia magadi ya ziwani kwenye wa nne na wa tano, vijiko viwili viwili, tarehe tisa Septemba. Sikumtaja Kogo. Nilidhani atapaza sauti. Hakupaza. Aliinuka, tukaenda kwenye madebe. Akachukua udongo wa wa tano, akauweka kwenye kopo la maji, akakoroga, akachovya kidole, akaonja. Akatema.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akanisugulia yale maji kati ya vidole vyangu. Yaliteleza kama sabuni. Akaniambia nisisahau utelezi ule.

Kisha akasema nilifikiri kwa kichwa changu mwenyewe, na hilo halimuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba baada ya kufikiri sikuuliza, na baada ya kukosea nilinyamaza. Ipo chumvi ya mti na ipo chumvi ya ng'ombe, na mti haujui kutema.

Tulifungua kitabu cha shamba, nikashika kifutio. Akanizuia. "Usifute. Piga mstari mmoja. Aliyekosea aonekane, na aliyesahihisha aonekane." Mstari ulipita juu ya maneno yake mwenyewe, yale mekundu. Chini yake nikaandika yangu.

Tumetoboa madebe mawili chini kwa msumari na kumwaga maji mpaka yanayotoka yakaacha kuteleza. Kopo ishirini na tatu kila debe. Rasoa alirudi akatukuta. Akachukua ndoo akaenda mferejini. Safari ya nne akaweka ndoo chini akasema yeye naye alitia vijiko viwili vya mbolea ya mfuko kwenye wa nane mwezi wa Agosti, ili uizidi mikindu yangu zaidi. Ncha zikaungua, naye akazikata kwa makasi ya mshono.

Mwalimu Rebeka aliketi juu ya ndoo. Alianza kucheka kimya kimya, mabega yakatikisika. "Basi nimefuga fisi wawili," akasema.

Rasoa ameandika yake chini ya yangu. Sasa ukurasa ule unasomeka kama kitubio. Nimekula ugali wote jioni hii.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jambo moja sijalifanya. Sijamwambia Kogo. Nitamwambiaje kwamba alichokiendea kwa magoti yale ndicho kilichounguza mikindu? Leo amenisuka nywele juani. Ameniuliza kama mikindu imeanza kunenepa. Nikasema bado, Kogo. Akasema subira, hata ndama hanenepi siku moja.

Nampenda kuliko ninavyoweza kuandika. Ndiyo maana siwezi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Wa nne umekufa. Nimeung'oa mwenyewe. Mizizi ilikuwa kama uzi ulioungua.

Wa tano umebaki na jani moja, katikati, la kijani. Jani hilo nalitazama asubuhi na jioni.

Mvua hakuna. Mferejini maji ni haba, tunatoa nusu kopo kwa kila debe. Na hapa kuna jambo geni. Ikifika saa sita mikindu ya Rasoa inalala. Udongo wake umekauka ukapasuka kama chungu. Ile ya maji matupu pia ni hoi. Wa sita umesimama. Nimeingiza kidole kwenye samadi, chini kuna unyevu bado. Rasoa naye ameingiza kidole chake. Hakutania. Alisema tu, "Huyu wako ameweka akiba." Tumeliandika hilo kwa wino.

Mwalimu Mkuu alipita wakati nabeba mkindu uliokufa. "Hili ni shamba au ni matanga?" akauliza. Akaongeza kwamba amekwisha agiza vitambaa vya mshono. Sisi sote tumesikia.

Jumamosi, 9 Novemba

Wa nane, inchi kumi na moja. Wa sita, kumi na nusu. Karibu tutashikana mikono. Mwalimu ameamua kwamba baada ya ukaguzi tutaanza kuchanganya kwenye miche mingine, samadi chini na mfuko kidogo juu. Kama kutakuwa na baada ya ukaguzi.

Wiki ijayo ni siku ya wazazi, na ndiyo siku Bwana Shamba atakapokagua. Mimi ndiye nitakayesoma kitabu. Chote, Mwalimu amesema. Pamoja na ule ukurasa.

Kogo atakuja. Amefua shuka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika taratibu, nisiache kitu.

Bwana Shamba alifika na kofia yake na daftari. Mwalimu Mkuu aliketi karibu naye. Akina mama walikaa kwenye madawati, Kogo mbele kabisa, fimbo kati ya magoti. Tulipanga madebe juu ya meza. La nne lilikuwa tupu, tukaliweka mahali pake.

Nilisoma kuanzia Mei. Sauti yangu ilitetemeka mpaka Julai. Nilipofika tarehe tisa Septemba nikasoma kama ilivyoandikwa: Nilitia magadi ya ziwani. Akina mama wakanong'ona. Nikaendelea mpaka kufa kwa wa nne. Sikumtazama Kogo.

Bwana Shamba akauliza ni nani aliyenifundisha kutia magadi.

Nikasema ni mimi.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Kogo alikuwa amesimama. Kiswahili chake ni kile alichojifunza akiuza maziwa stesheni, na hajawahi kukionea haya.

"Hapana. Magadi ni yangu mimi. Mimi nalitembea na magoti hii mpaka ziwa. Mimi nalifikiri mti ni ndama. Huyu mtoto anaficha mimi. Andika jina yangu kwa kitabu."

Halafu mama mmoja wa nyuma, simjui, akasema na yeye alitia magadi kwenye vitunguu mwaka jana vikafa vyote, akamlaumu jirani, na mpaka leo hawasalimiani. Watu wakacheka sana. Mwingine akasema kwake zilikufa mboga. Wakawa watatu, wanne. Bwana Shamba akafungua daftari lake akaanza kuandika. Aliniomba nirudie idadi ya vijiko. Akaomba pia kushika udongo wa wa sita na udongo wa wa nane, mkono huu na mkono huu, akawapitishia akina mama washike.

Mwishoni Mwalimu Mkuu alisimama. Si mtu wa kukubali upesi. Alielekeza kidole kwenye wa tano.

"Huu utapona au hautapona?"

Mwalimu Rebeka akasema hatujui, bwana.

"Basi na mimi sijui," akasema. "Januari shule ikifunguliwa nitahesabu majani. Nikikuta jani jipya, nitaamini wasichana hawa wanajua kuua na kuponya pia. Wataendelea na jembe. Nisipolikuta, vitambaa viko stoo."

Tulirudi nyumbani polepole, Kogo ameniegemea. Nilingoja aniambie nilimdanganya. Tulipita miti ya mzungu, tukapita birika la ng'ombe. Ndipo akasema, "Ulinificha kama mama anavyomficha mtoto. Mimi ndiye mkubwa. Usinifiche tena." Kisha akauliza kama samadi iliyobaki zizini inatosha.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imekuja, siku nne mfululizo. Mwalimu Rebeka amekwenda kwao Baringo kwa likizo. Ametuachia anwani yake kwenye kipande cha karatasi. Alinishika bega.

Wa tano, jani moja. Lile lile.

Jumatano, 11 Desemba

Leo ni zamu yangu. Kogo alisema atakuja kunisaidia kumwagilia, ingawa mvua imekwisha fanya kazi hiyo. Tulitembea tukipumzika kwenye kila jiwe kubwa. Shule haina mtu. Nyasi zimeota mpaka mlangoni.

Kogo aliinama juu ya debe la tano akakaa hivyo. Halafu akaniita kwa jina langu la nyumbani, Chemutai, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kushtua kitu.

Katikati, ubavuni mwa jani la zamani, kimetoka kitu kirefu kama kidole, chembamba, kimefungwa kabisa, kama mwavuli. Ni cha kijani kilichofifia. Nusu inchi na kidogo. Nilipima mara tatu.

Kogo anasema ni jani, andika. Jioni nilimpelekea Rasoa habari kwao, karibu na reli, naye anasema ni jani, andika, tena andika mawili. Mimi nimeshika kalamu na sijaandika. Mikindu haina haraka. Huenda Januari ikafika kikiwa bado kimefungwa. Huenda kikakauka kabla ya kufunguka. Nataka sana kiwe jani, na kwa sababu nakitaka sana siamini macho yangu.

Kogo amelala. Nimemfunika magoti. Nimemwandikia Mwalimu barua, nimeeleza yote kama nilivyoeleza hapa, na Baba ataipeleka posta kesho akienda na maziwa. Mwisho wake nimeunakili hapa, ili jibu likija nilibandike chini yake:

Mwalimu, tafadhali unijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka huko. Jani ambalo limekwisha toka lakini halijafunguka, tunalihesabu, au tunangoja?